Aliyeibeba Baridi ya Ambokile

Kitendawili: ninaye mgeni asiye na adabu, hakai kitini wala mkekani, akiingia ndani anakaa mifupani. Pale kijijini Lupombe hakuna aliyewahi kutoa mji kwa kitendawili hicho. Hata mtoto ambaye meno hayajatimia angekujibu kabla hujafunga mdomo: baridi. Na usidhani ni ile baridi ya zamani, ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Hii ililetwa na wenye akili zao, waliomwaga vumbi juu angani ili kuipoza dunia iliyokuwa inaungua. Dunia ikapoa kweli. Ila nyanda za juu zikapoa kupita kwingine kote, mpaka kipupwe kikawa kinaingia na theluji ya kufika magotini, na mtu akitema mate yanatua chini yakiwa kokoto.

Basi asubuhi moja ya kipupwe, Tusekile alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama Ntuli, shingo wazi, akingoja kuambiwa kwamba kipimo kimekosea.

Mama Ntuli ndiye aliyekuwa mpimaji wa kijiji, mtu mzima mwenye vidole vya kumtoa mtoto mwiba bila kumliza. Kifaa chake kilikuwa kama mwiko mdogo. Alikiweka juu ya mtulinga wa Tusekile, mfupa wa chini ya shingo, pale punje ilipopandikizwa chini ya ngozi, akainamisha kichwa kama anayesikiliza chungu kama kimechemka. Akakisogeza huku, akakisogeza kule. Mwisho akakiweka chini, akaanza kumfunga Tusekile vifungo vya gauni yeye mwenyewe, taratibu, kimoja baada ya kingine. Hapo Tusekile akajua.

"Joto lako limeshuka, mwanangu," alisema Mama Ntuli. "Si ugonjwa. Ni umri na mizigo. Ukimbeba mwenzio safari hii mmoja wenu hatabaki, na sijui ni yupi."

Tusekile akasema basi mume wake asiende. Mama Ntuli hakubishana naye. Alimuuliza tu mara ya mwisho aliingia lini ghalani. Tusekile alikuwa ameingia jana yake: kulikuwa na viazi vya mbegu, na magunia matupu yaliyokunjwa vizuri. Watoto wa kijiji walishaanza kuwa na macho makubwa. Na katika wawindaji wote, Ambokile ndiye aliyejua ng'ombe wanakolala.

Ng'ombe wenyewe walikuwa vitukuu vya ng'ombe wa maziwa. Shamba lao lilifungwa vumbi lilipoanza kuziba jua, wakaachwa huko juu wafe, nao hawakufa. Waliota manyoya marefu kama mikeka iliyofumuka, wakasahau kukamuliwa, wakajifunza kuua. Dume moja lilitosha kulisha Lupombe mpaka theluji iyeyuke.

"Kipimo kimempata mwingine wa kumbeba," Mama Ntuli aliendelea. "Damu zao zinaelewana. Nisikufiche, zinaelewana kuliko hata zenu."

"Nani?"

"Subilaga."

Tusekile akafungua tena vifungo vya gauni, akaomba apimwe upya.

* * *

Punje haikuwa kubwa kuliko punje ya uwele. Ilitoka kwenye kioo kimoja kilichopasuliwa vipande viwili, na vipande hivyo havikukubali kamwe kwamba vimeachana. Kimoja kikipashwa moto, kingine nacho kinapata moto, hata kama katikati yao pamekaa mlima. Ni kama mapacha: umfinye Kulwa jikoni, Doto alie kisimani. Betri zilishajaribiwa zamani, zikawa zinakufa kwenye theluji kama nzi kwenye maziwa. Kitu pekee kinachotoa joto bila kukatika ni mwili wa mtu aliyeshiba. Kwa hiyo mwindaji akienda, mwenzake hubaki nyumbani kando ya moto, tumbo limejaa uji na viazi, anampelekea joto lake na kupokea baridi yake. Anatetemeka kwa niaba yake. Huko ndiko kubeba.

Walioitengeneza punje walikusudia ipitishe joto basi. Hawakujua, au walijua wakanyamaza, kwamba joto la mtu haliji mikono mitupu. Linakuja na mapigo ya moyo, na mapigo yanakuja na kile kilichoyasukuma. Mwenzako haji na maneno wala picha. Anakuja mwenyewe tu, kama mtu anayeingia chumba chenye giza na wewe ukamjua kwa namna anavyopumua.

Ambokile nyumbani alikuwa mtu wa ndiyo, hapana, na chumvi iko wapi. Hakuwa mkali, wala hakuwa mtu wa kutangatanga. Alikuwa tu mlango uliofungwa, ufunguo ukapotea. Lakini kila kipupwe, akishavuka ukingo wa bonde, mlango ule ulifunguka ndani ya kifua cha Tusekile. Huko ndiko alikomjua. Aliujua woga wake barafu inapopasuka chini ya mguu, na aibu yake akikosa shabaha, na jinsi anavyoingiwa na upole akimwona ndama. Akirudi, mlango unafungwa, wanakula kimya, na Tusekile hajali, kwa sababu ana akiba yake moyoni ya kumtosha mpaka kipupwe kingine.

Sasa akiba hiyo inakwenda kufunguliwa na mjane wa nyuma ya kinu cha unga.

* * *

Maandalizi yalianza siku hiyohiyo, maana theluji haimsubiri mwenye kinyongo. Tusekile alisaga karanga, akazikanda kwa asali na mafuta ya nyama, akazifinyanga vidonge. Ugali ukienda huko juu hugeuka tofali. Alikagua soksi: mbili kwa kila mguu, ya juu kubwa kuliko ya ndani, kwa kuwa kiatu kinachobana ndicho kinacholeta vidole kukatwa. Alishona upya kamba inayounganisha glavu kupitia mabegani, ili mtu akizivua kulenga, upepo usizichukue. Alichonga upya ufa wa miwani ya mbao, mwembamba kama mstari wa penseli, unaoruhusu njia ionekane na kuuzuia weupe usichome macho. Kila alichokishika alikishika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ambokile alikuwa upande wa pili wa moto, ameifungua bunduki vipande vipande, anaifuta mafuta yote kwa kitambaa kikavu. Mgeni angedhani anaiharibu. Lakini mafuta huko juu huganda kama samli, na bunduki yenye mafuta hukataa kulia ng'ombe akiwa ameshakuinamia.

Alipomaliza akatundika kioo ukutani, akaanza kunyoa. Kila mwindaji hunyoa, la sivyo pumzi inaganda ndevuni mpaka mdomo haufunguki. Tusekile alilijua hilo vizuri, yeye ndiye aliyekuwa akimshikia kioo miaka yote. Ila siku hiyo alimwona amerudia chini ya kidevu mara ya pili, kwa utulivu, huku akiimba wimbo fulani puani.

"Huko chini nako theluji inafika?" alimuuliza.

"Inafika."

"Mwaka jana haikufika."

Ambokile akamtazama kupitia kwenye kioo, shavu moja jeupe kwa povu. "Mama Lugano, nikibakiza unasema. Nikimaliza unasema."

"Mimi sijasema kitu. Nyoa, baba. Nyoa mpaka nyusi."

Akaendelea kunyoa. Baada ya muda, bila kugeuka, akasema kwamba si yeye aliyemchagua Subilaga, ni kipimo. Tusekile akamjibu kuwa hakuna aliyemuuliza. Kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza, na hilo ndilo lililomtafuna mpaka jioni: mtu ambaye hasemi bila kuulizwa, kilichomsemesha leo ni nini?

* * *

Lupombe walikuwa na desturi yao ya makabidhiano. Mbebaji anayetoka humkabidhi anayeingia kwa vitendawili. Kuutaja mwili wa mumeo waziwazi mbele ya mwanamke mwingine ni aibu, na kutomtaja ni kumuua. Watu wakatafuta njia ya katikati, wakaipata.

Subilaga alikuja kesho yake mchana, na bakuli la viazi vilivyochemshwa limefunikwa kwa kitambaa. Tusekile alikuwa amejiandaa kumchukia kwa jinsi alivyojipamba, ila hakuwa amejipamba. Alikuwa na unga wa kinuni kwenye nywele, mikono iliyopasuka kwa baridi, na mwanya uliomfanya aonekane anataka kucheka hata akiwa anasikiliza habari ya msiba. Jambo hilo lilimuudhi Tusekile zaidi, kwa kuwa hakupata pa kuanzia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Viazi tunavyo."

"Najua. Mama aliniambia nisiende kwa mtu mikono mitupu."

Wakakaa. Mama Ntuli alikwishaipandikiza punje kwa Subilaga asubuhi; kovu lake lilikuwa bado jekundu. La Tusekile lilikuwa limefunikwa plasta, na chini ya plasta palikuwa na shimo dogo lililomuwasha kuliko kidonda. Ambokile alitakiwa atoke nje asimame uani bila koti, ili miili izoeane. Akatoka. Mlango ukafungwa.

"Kitendawili," alisema Tusekile.

"Tega."

"Ngoma yangu ikipigwa haraka nakaa, ikinyamaza nasimama."

Subilaga akafikiri, akakuna unga kichwani, akakosa. "Nakupa mji, dada. Nakupa Mbeya."

"Mbeya nilishafika, sikuona cha maana. Ngoma ni moyo wake. Ukipiga haraka ameona ng'ombe, usihangaike, kula uji wako. Ukinyamaza ghafla analenga. Hapo ndipo unaposimama, unasogea motoni kabisa, unampa joto lote unaloweza, vidole visimgande kwenye bunduki."

Subilaga aliyarudia maneno hayo kimyakimya, midomo ikichezacheza kama mtoto anayekariri. Tusekile akamtegea kingine: nina mwongo ambaye hafungui mdomo. Hicho Subilaga alikipata, akasema ni yeye mwenyewe Baba Lugano, anaona haya kutetemeka mbele ya wenzake. Tusekile akamtegea kingine: nakula mimi, anashiba yeye. Hicho pia akakipata, kwa haraka iliyomtia Tusekile uchungu mdomoni. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Angekuwa mjinga kidogo tu, ingesaidia.

Kisha mkono wa Subilaga ukaruka wenyewe hadi kifuani. Uani, Ambokile alikuwa ameanza kupoa.

Macho yakamtoka yule mjane. Akakaa hivyo, amejishika, anasikiliza ndani yake. Tusekile alimtazama kama mtu anayetazama wageni wakiingia chumbani kwake na viatu.

"Yukoje?" aliuliza mwishowe, ingawa alikuwa ameapa hatauliza.

"Nilidhani ana huzuni," alisema Subilaga polepole. "Lakini si huzuni. Ni kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe, hakumbuki alikiweka wapi."

Tusekile akainuka, akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Ilikuwa kweli. Huyo ndiye Ambokile hasa, mzima mzima. Miaka yote aliyombeba, yeye mkewe hakuwahi kuyapata maneno hayo, na huyu ameyaokota mlangoni kabla hata hajakaribishwa ndani.

Kilikuwa kimebaki kitendawili kimoja, na hicho ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote.

Zamani, kipupwe fulani, Ambokile alitumbukia kwenye korongo lenye theluji, akavunjika mguu wa kushoto. Wenzake walikuwa upande wa pili wa kilima, hawajui. Tusekile alikuwa kando ya moto nyumbani, anatetemeka, na ghafla kutetemeka kukamwacha. Ikamjia furaha. Ilikuwa furaha ya mtu aliyelala juani baada ya kuoga, haina haraka, haidai kitu, na Tusekile alihisi wazi kwamba furaha hiyo ni yake yeye, kwamba mumewe amemkumbuka yeye na ametulia. Akafumba macho, akaipokea, akatabasamu peke yake jikoni. Mpaka alipoutafuta ule mguu uliokuwa ukimuuma tangu asubuhi, asiuone. Mguu haukuwa unauma, haukuwapo kabisa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba baridi ikitaka kumchukua mtu hubembeleza kwanza. Akamvuta.

Kuvuta ni kuibana punje kwa vidole viwili mpaka itoe joto lako lote kwa mpigo mmoja. Mwindaji hushtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Lakini punje hufia hapo hapo, na asiye na punje hawezi kukaa huko juu, na wenzake hawaruhusiwi kumwacha arudi peke yake. Kuvuta mara moja tu, uwindaji umekwisha kwa wote. Mwaka ule walirudi na Ambokile amekuwa rangi ya majivu, bila nyama, na Lupombe wakala viazi vya mbegu.

Tangu siku hiyo mguu wake ulikuwa ukimuuma kila anapoupeleka kwenye baridi. Hakuna aliyejua siri ya mguu na ile furaha isipokuwa Tusekile. Hakumwambia hata Ambokile. Alijua ilikuwa furaha ya uongo, furaha ya kifo. Lakini ndiyo pekee aliyowahi kuipata kwa mumewe, na ilikuwa na jina lake juu yake. Alikuwa akiitoa usiku na kuitazama, kisha anairudisha.

"Viko vingine, dada?" aliuliza Subilaga.

Kitendawili kilikuwa pale pale, juu ya ulimi.

"Vimekwisha."

"Kweli?"

"Ukitaka vingine mtegee yeye. Mnaelewana."

* * *

Waliondoka kulipopambazuka, wanaume kwa wanawake, wakivuta kigari cha kuteleza kilichojaa kamba na magunia ya nyama ambayo haijapatikana. Langoni Ambokile alisimama mbele ya mke wake, uso mweupe kwa mafuta aliyojipaka asichomwe na upepo. Alifungua kinywa. Tusekile akangoja.

"Bawaba ya mlango wa zizi inalia," alisema Ambokile. "Ipake mafuta."

Akaenda.

Tusekile akarudi nyumbani, akapaka bawaba mafuta, akakaa. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakulitegemea. Hakuwa anasikia baridi. Moto uliwaka, blanketi lilikuwa zito, mwili wake wote ulikuwa wake, una joto la kawaida la mtu aliyekaa jikoni kwake. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kuwinda alikuwa ameketi kwa raha wakati mumewe yuko kwenye theluji, na raha ile ilimkaa mwilini kama nguo ya mtu mwingine. Alijipapasa chini ya mtulinga. Kimya. Ambokile angeweza kuwa anacheka, angeweza kuwa amekufa, na yeye asingejua tofauti.

Alivumilia kesho yake. Siku iliyofuata akajifunga khanga juu ya sweta, blanketi juu ya khanga, akapika uji mwingi ili apate kisingizio, akaenda nyuma ya kinu.

Alimkuta Mama Ntuli amekaa na mbebaji. Mama Ntuli alitazama chungu cha uji, akamtazama aliyekileta, akasema afadhali umekuja, ngoja nikawaone wengine. Akatoka akiwaacha wawili.

Subilaga alikuwa amejikunja kwenye ngozi kando ya moto. Siku chache tu zilikuwa zimemla mashavu. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu, na meno yaligongana mfululizo kama kinu kisicho na nafaka. Tusekile alimtazama, akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa sababu alikuwa ndani yake: hivi ndivyo inavyokuwa kumbeba Ambokile. Akakaa chini, akaanza kumnywesha uji kwa kijiko. Yule mjane alikuwa akijaribu kushukuru kila kijiko, nusu ya uji unarudi.

"Nyamaza unywe," Tusekile alimwambia. "Shukrani haina joto."

Wakaendelea hivyo, kijiko baada ya kijiko. Kisha meno yakanyamaza.

Tusekile alikuwa ameinama kuchota. Alipoinua uso akaona Subilaga ametulia, macho nusu wazi, na tabasamu linamjia taratibu kuanzia kwenye ule mwanya mpaka likamjaa uso mzima.

"Nini?"

"Amefurahi," alisema Subilaga.

"Amefurahi vipi?"

"Sijui, dada. Mno. Ni kama..." akatafuta, na Tusekile akaomba moyoni asiyapate maneno safari hii, "kama mtu ameoga vizuri, halafu kajilaza juani."

Kijiko kikaanguka kwenye uji.

Wazo la kwanza lililomjia Tusekile lilikuwa neno moja: mvute. Yuko korongoni tena, baridi inambembeleza, mvute. Na kabla wazo hilo halijakaa vizuri, likaingia la pili nyuma yake, na hilo nalo lilikuwa neno lilelile: mvute. Mtoe kifuani kwa huyu mwanamke. Mrudishe nyumbani akiwa hana furaha yoyote, akae kimya mezani, aulize chumvi.

Hilo ndilo lililomtisha. Kama yangekuwa maneno mawili tofauti angejua la kufuata. Alijaribu kuyatenganisha, hili la kumwokoa na hili la kumnyang'anya, ikawa kama kutaka kuitoa chumvi kwenye mchuzi. Asipovuta akawa amekosea, mume anakufa huko juu akitabasamu, na aliyemuua ni mkewe, kwa kitendawili alichokificha. Akivuta bure, wawindaji wote wanarudi na kigari kitupu, na wale watoto wenye macho makubwa wanaletewa magunia yaliyokunjwa.

"Nisikilize," alisema. Sauti yake haikuwa ya kawaida, na Subilaga akafumbua macho. "Kuna kimoja sikukutegea."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakitaka mwenyewe. Weka vidole kwenye punje. Usibane. Weka tu, ngoja nikwambie."

Subilaga akaweka vidole viwili juu ya lile kovu jekundu.

"Mguu wake wa kushoto. Chini ya goti. Uko wapi?"

Subilaga akafumba macho. Tusekile alimwona anatafuta, kipaji cha uso kimekunjamana, akipita katika ile furaha kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye sherehe akimtafuta mgonjwa. Nje kinu kilikuwa kimesimama. Gogo likakatika motoni, likatulia.

"Hebu," alisema Subilaga.

"Upo au haupo?"

"Upo." Akakunja uso. "Upo, dada. Unauma. Unauma vibaya, kama jino lililooza. Sijui anatembeaje."

Akafumbua macho, akamtazama Tusekile, vidole bado kwenye punje. Hakujua jibu lake lina maana gani. Alikuwa ametegewa kitendawili bila kuambiwa kama amekipata. Tusekile aliliona hilo. Aliona kwamba hata sasa anaweza kusema vuta, na huyu angevuta, na wote wangeamini mpaka kufa kwamba Ambokile aliokolewa. Asingeulizwa na mtu. Mume angekuwa njiani kurudi kabla uji haujapoa.

Baridi ikampanda, na safari hii ilikuwa ya kwake mwenyewe.

"Mguu unaouma ni mguu ulio hai," alisema. "Toa vidole."

"Nisimvute?"

"Usimvute. Ukija kuikuta furaha hii na mguu haupo, usimuulize mtu, bana punje kwa nguvu zako zote. Lakini mguu ukiwa unauma, yuko mzima. Amefurahi tu. Mwache afurahi."

Subilaga akatoa vidole. Akauliza, kwa upole, kama Tusekile anajua ni kitu gani kilichomfurahisha. Tusekile akasema hajui. Labda wamewaona ng'ombe, au labda jua limechungulia. Subilaga akatikisa kichwa, akasema ng'ombe wangemfanya moyo upige haraka, hiki ni kitu kingine, na akakatiza hapo hapo, kwa heshima.

Tusekile hakuhitaji aendelee. Alikuwa ameshaanza kupiga hesabu yake kimoyomoyo na jibu halikuwa zuri. Vipupwe vyote alivyombeba, furaha ya namna hii alikuwa ameipata mara moja tu, na ilikuwa ya mtu anayekufa. Ilikuwa ni baridi iliyompenda siku ile, si Ambokile. Furaha ya kweli, yenye mguu unaouma ndani yake, ilikuwa haijawahi kumfikia. Hii ndiyo ya kwanza, na imepita kwenye kifua cha jirani.

Meno ya Subilaga yalianza tena kugongana. Tusekile akamfunua miguu, akaikuta migumu na myeupe kama viazi vilivyomenywa, akaivuta mapajani mwake na kuibana kwapani chini ya blanketi, wa kushoto na wa kulia. Baridi ya miguu ile aliijua. Ilimpanda mbavuni kama mtu anayerudi kwake.

Usoni mwa yule mjane tabasamu lilikuwa linakuja na kufukuzwa. Alikuwa anaung'ata mdomo, anatazama pembeni, anajitahidi kuwa na sura ya mtu anayeumwa.

"Unafanya nini?" Tusekile alimuuliza.

"Samahani, dada. Si mimi. Ni yeye. Anacheka."

"Anacheka?"

"Kwa nguvu."

Tusekile akaibana miguu zaidi, akageuza uso wake kwenye moto.

"Basi usimzuie," alisema. "Cheka."

Subilaga akafungua mdomo, na kicheko kikatoka, kizito, cha kukwaruza, hakikufanana na mwili ule mdogo hata kidogo, kikajaa jiko lote mpaka kwenye kenchi. Tusekile aliketi akakisikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kukisikia.